Ramani Isomeke Hadi Matombo

Vidokezo 13 vya kupanga unene wa mistari na rangi kabla ya kuchapa mchoro wa kompyuta

Ramani ya nyumba ya Matombo husafiri sana. Huanzia kwenye kompyuta, aghalabu Morogoro mjini au Dar es Salaam, ikiwa na kuta za samawati, vipimo vyekundu na maandishi ya njano juu ya kioo cheusi. Inageuzwa PDF, inatumwa kwa WhatsApp, inachapwa A3 kwenye steshenari, inatolewa kopi ya A4, inakunjwa na kutiwa mfukoni. Kisha inapanda gari Bigwa, inapita Kiroka na Mkuyuni, mpaka kwa fundi anayesubiri na kamba na vigingi kwenye mteremko wa Uluguru.

Fundi akiikunjua, mara nyingi rangi zote zimekuwa nyeusi na mistari yote imelingana. Ukuta, mstari wa kipimo, ukingo wa paa na kontua havitofautiani. Kwenye kiwanja tambarare atakisia, na pengine atapatia. Matombo hapakubali kukisia. Pasipoonekana mahali msingi unaposhuka ngazi, au ukuta wa kuzuia udongo unapoanzia, mvua za masika zitapaonyesha. Kwa sababu hiyo naweka unene wa mistari pamoja na nondo na zege: ni sehemu ya usalama wa jengo.

Vidokezo hivi vinamlenga zaidi anayetumia AutoCAD. Wa BricsCAD atajikuta nyumbani, maana mafaili ni yaleyale, na wa ArchiCAD ana kalamu zake zenye namba. Majina ya vitufe yatabadilika, hoja haitabadilika.

1. Anza na kopi ya mwisho

Kabla hujagusa rangi hata moja, uliza: karatasi itakayofika mkononi mwa fundi ni ya ukubwa gani? Jibu la kweli kwa kazi nyingi za vijijini ni A3, na baada yake fotokopi ya A4. Lakini wengi tumefundishwa kuandaa mchoro wa A1, karatasi ya milimita 594 kwa 841, kisha tunamwachia kijana wa steshenari aupunguze.

Hesabu yake ni hii. Kutoka A1 kwenda A3 kila urefu unakatwa nusu, na unene wa mstari nao unakatwa nusu. Mstari wa milimita 0.50 unakuwa 0.25. Wa 0.25 unakuwa 0.125. Ule mwembamba wa 0.13 uliouona maridadi unabaki 0.065. Sasa tazama printa ya leza ya nukta 600 kwa inchi: nukta yake moja ni kama milimita 0.042. Mstari wa 0.065 unaangukia kwenye nukta moja na nusu, na nusu nukta haichapiki. Printa itaamua yenyewe iuongeze au iupunguze, na fotokopi ya kwanza itamalizia kazi.

Kama huna uhakika wa kupata plota, panga mchoro wako kwa A3 tangu mwanzo. Gawa kurasa. Kurasa sita za A3 zinazosomeka zina faida kwa fundi kuliko A1 moja iliyobanwa. Na kila ukurasa uwekee mstari wa skeli, ule wenye mita zilizochorwa, kwa sababu maandishi ya "1:100" yanakuwa uongo mara tu karatasi inapopunguzwa, lakini mstari wa skeli hupungua pamoja na jengo.

2. Ngazi tano za unene zinatosha, na mara nyingi nne

Programu itakupa orodha ndefu, kuanzia 0.00 mpaka 2.11. Usiitamani. Jicho la mtu aliyesimama juani halitofautishi 0.25 na 0.30. Shika ngazi za kimataifa za ISO 128: 0.13, 0.18, 0.25, 0.35, 0.50, 0.70, 1.00. Kila ngazi ni ile iliyotangulia ikizidishwa kwa takriban 1.41, na uwiano huohuo ndio unaotenganisha A4 na A3, A3 na A2. Kwa hiyo ukipunguza A3 kuwa A4, mstari wa 0.35 unakuwa 0.25 na wa 0.25 unakuwa 0.18. Mchoro unashuka ngazi moja, na mpangilio wake haujavurugika.

Waliochora kwa kalamu za wino za Rapidograph wanazijua ngazi hizi kwa rangi za vifuniko: nyekundu 0.18, nyeupe 0.25, njano 0.35, kahawia 0.50, buluu 0.70. Mzee aliyesoma uchoraji enzi hizo akikukosoa unene, msikilize. Alinunua kila kalamu kwa fedha yake, hakuwa na nafasi ya kuchezea unene.

Kwa A3 ninapendekeza hivi. 0.70 ni ya usawa wa ardhi kwenye mkato, na fremu ya ukurasa. 0.50 ni ya kila kilichokatwa: kuta, nguzo, zege la msingi, ukuta wa kuzuia udongo. 0.35 ni ya vinavyoonekana bila kukatwa, yaani ngazi, vizingiti, ukingo wa baraza, masinki. 0.25 ni ya herufi ndogo; zilizo kubwa zifuate kanuni ya kidokezo cha 10. 0.18 ibebe mistari ya vipimo, mistari ya kujazia na kontua za kawaida. Ile 0.13 iachie plota.

Vitu viwili vinavyokaa karibu na vyenye maana tofauti vitenganishe kwa ngazi mbili. Ukuta wa 0.50 ukikaribiana na mstari wa kipimo wa 0.35, fundi aliyechoka ataweka kamba kwenye kipimo. Ukiwa 0.50 kwa 0.18, hakosei.

3. Rangi ni namba ya kalamu

Anayeanza hushangaa: kwa nini mstari mwekundu utoke mweusi, tena mwembamba? Jibu liko kwenye plota za zamani. Zilikuwa na kishikio cha kalamu halisi, sita au nane, na mashine haikujua wekundu wala ukijani. Ilijua namba tu. Rangi ya 1 kwenye kioo ilimaanisha "chukua kalamu ya 1", na uliyoiweka hapo ikiwa ya 0.18, mstari ulitoka wa 0.18. Kalamu zimeondoka, desturi imebaki. Ndani ya AutoCAD kuna rangi 255 zenye namba, na kila moja inaweza kupewa unene na rangi yake ya kuchapwa.

Hakuna sheria inayosema nyekundu iwe unene gani. Kila ofisi ina mpango wake, na ndiyo sababu faili la jirani likichapwa kwako linatoka vibaya. Chagua mpango mmoja, uandike, uubandike ukutani. Mfano wa kuanzia:

Rangi 1, nyekundu: 0.18.
Rangi 2, njano: 0.25.
Rangi 3, kijani: 0.35.
Rangi 4, samawati: 0.50.
Rangi 6, ile ya waridi iliyokolea: 0.70.
Rangi 7, nyeupe kwenye kioo cheusi: 0.25.
Rangi 8, kijivu: 0.18, kwa kontua na vitu vya nyuma.

Rangi 5, buluu, nimeiruka kwa makusudi. Kwenye kioo cheusi haionekani vizuri, na mchoraji asiyeuona mstari wake atauchora mara mbili.

4. CTB au STB: amua siku ya kwanza

CTB ni faili linalofuata rangi: kila namba ya rangi ina unene wake. STB hufuata jina: unaunda mtindo uitwao, tuseme, "ukuta uliokatwa", kisha unaupa leya unayotaka, na rangi inabaki kuwa mapambo ya kioo. Kimantiki STB ni safi zaidi, na anayefanya kazi peke yake anaweza kuifurahia. Lakini ukibadilishana mafaili na mhandisi, mpima ardhi na mwanafunzi wa Chuo cha Ardhi Morogoro, wengi utawakuta kwenye CTB. Mimi ningekaa na CTB. Ukipokea faili la aina nyingine, amri ya CONVERTPSTYLES italigeuza. Kabla ya hapo tunza nakala.

Kuunda CTB yako kunachukua dakika chache. Andika STYLESMANAGER, folda itafunguka. Nakili monochrome.ctb, usiibadilishe ya asili. Ipe nakala jina linalosema kazi yake, kwa mfano "Nyumba-A3-nyeusi". Ifungue, chagua rangi 1, weka unene wa 0.18; nenda rangi 2, weka 0.25, endelea hivyo. Rangi ya kuchapwa tayari ni nyeusi kwa zote. Hifadhi, kisha tengeneza ndugu yake wa A1 ambaye kila unene umepanda ngazi moja.

Jambo moja lishike sana. Unene unaweza kuandikwa mahali pawili: kwenye leya, na ndani ya CTB. CTB ikiwa na namba yake, ndiyo inayoshinda, na ulichoandika kwenye leya hakisomwi kabisa. CTB ikiwa imeachwa itumie unene wa kitu chenyewe, kama monochrome.ctb ilivyo, leya ndiyo inayotawala. Njia zote mbili ni halali. Kuzichanganya ndiko kunakomfanya mtu akeshe akibadilisha unene wa leya huku karatasi inatoka vilevile.

5. Acha leya iamue

Kila kitu kiwe ByLayer: rangi, unene, aina ya mstari. Ukitia rangi kwa mkono kwenye dirisha moja, siku ukibadilisha leya nzima dirisha hilo litabaki peke yake, nawe utalitafuta. Leya zipe majina ya Kiswahili kinachoeleweka: KUTA, MSINGI, MILANGO, PAA, VIPIMO, KONTUA, MAJI-YALIYOPO, MAJI-MAPYA.

6. Mitego mitatu ya kimyakimya

Mtego wa kwanza ni rangi zilizochaguliwa kwenye ubao wa mchanganyiko, zile zenye tarakimu tatu za wekundu, kijani na buluu. Hizo CTB haizitambui. Utachagua monochrome.ctb, lakini mstari huo utatoka na rangi yake, na kwenye printa nyeusi utatoka kijivu. Mafaili yanayotoka programu nyingine huja nazo kwa wingi. Zirudishe kwenye rangi zenye namba.

Wa pili ni leya ya Defpoints. Programu huiunda yenyewe unapoweka vipimo, na haichapwi kamwe. Ukichora ukuta juu yake utauona kwenye kioo siku zote, karatasini hautatokea. Nakuomba uikague kila mara kabla ya kuchapa, kwa sababu ukuta uliopotea hauachi alama.

Wa tatu ni mistari miwili iliyolaliana. Inaonekana mmoja, ila wa juu mwekundu na wa chini wa samawati. Unene utakaoonekana ni ule mkubwa, na ukihamisha mmoja mwingine unabaki. OVERKILL huifuta ile iliyorudiwa, mradi uiambie ipuuze tofauti ya rangi na leya.

7. Kontua za Uluguru zinahitaji hesabu yake

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa mifano mingi ya vitabuni imechorwa kwa ajili ya viwanja tambarare.

Chukua mteremko wa digrii 30, jambo la kawaida kwa upande huu wa mashariki wa Uluguru. Ukipanda mita moja, umesogea mbele mita 1.73 tu. Mchoro wa kiwanja wa 1:500 wenye kontua kila mita moja utakuwa na nafasi ya milimita 3.5 kati ya kontua na kontua. Hiyo inatosha. Sasa mpango wa mradi wa maji wa kitongoji kizima, kwa 1:2,500, kontua zikiwa bado za mita moja: nafasi inashuka mpaka milimita 0.7. Ukiziacha kwenye unene wa kawaida wa programu, yaani 0.25, zaidi ya theluthi moja ya karatasi ni wino. Bomba, njia na nyumba vinazama humo. Toa fotokopi moja na mlima mzima umekuwa doa jeusi.

Usikimbilie kupunguza unene. Kwanza ongeza mwachano: kwa 1:2,500 tumia kontua za mita tano, nafasi irudi 3.5. Ndipo upange unene: kontua za kawaida 0.18, na kila ya tano, yaani kila mita 25, 0.35. Namba za mwinuko ziandike kwenye zile nene tu, vichwa vya tarakimu vikielekea juu ya mlima. Kwenye kioo zipe kijivu au kahawia, ili usizichanganye na mipaka unapochora.

Na mipaka ndiyo inayonifanya nisisitize. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, na ndani yake Waluguru walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi yanayofuata kontua kwenye mashamba yao. Mwaka 1955 upinzani ulilipuka hapa Matombo, na mpango ukavunjika. Watu wa miteremko hii wanajua vizuri kwamba mstari uliochorwa mezani hugeuka jembe shambani. Mchoro wako ukipelekwa kwenye mkutano wa kijiji, mwenye shamba ana haki ya kuona kwa jicho lake mpaka uliopo ni upi, kontua ni ipi, na bomba au barabara inayopendekezwa inapita wapi. Vitu vitatu hivyo visiwahi kuwa na unene mmoja. Mpaka upe 0.50 na mkato mrefu, kontua 0.18 isiyokatika, kinachopendekezwa 0.70.

8. Kijivu ni cha plota nzuri tu

Printa ya leza nyeusi haina wino wa kijivu. Inapotakiwa kijivu cha asilimia 50 inatawanya nukta nyeusi na kuacha nyeupe kati yake. Kwenye eneo pana, kama sakafu ya baraza, hilo linapendeza. Kwenye mstari wa 0.18 wenye upana wa nukta nne, linaukata vipandevipande, na fundi anauona mstari wa vidoti. Vidoti kwenye ramani vina maana yake: kitu kilichofichika, au kilicho juu. Hapo umeandika jambo ambalo hukukusudia.

Ukarabati ndio unaoleta kishawishi hiki. Tuseme unaongeza chumba kwenye jengo la zamani la misheni, na unataka la zamani lififie ili jipya lionekane. Tumia mwembamba mweusi kwa lililopo, 0.25, na mnene mweusi kwa jipya, 0.50, kisha kuta mpya uzijaze. Kuta za kubomolewa ziwe na mistari iliyokatika. Ukitaka kijivu lazima, kitie kwenye ujazo wa maeneo peke yake.

9. Rangi ikichapwa, iwe na shahidi

Kuna michoro inayohitaji rangi kweli: umeme, maji safi, majitaka. Wakala wa maji vijijini, RUWASA, na wahandisi wa halmashauri wakiletewa mpango wa mtandao wa mabomba, rangi huwasaidia kufuata mstari kwa haraka. Chapa rangi, lakini kila rangi ipe shahidi asiyefutika kwenye fotokopi: aina ya mstari, au herufi ndani ya mstari. Bomba lililopo liwe mstari mzima, jipya mkato mrefu, la majitaka mkato na nukta. Karatasi ikifika kijijini nyeusi tupu, bado mistari mitatu ni mistari mitatu.

Njano usiichape kamwe kwenye karatasi nyeupe. Samawati angavu nayo fotokopi nyingi huiacha. Kwa karatasi chagua nyekundu iliyoiva, buluu iliyokolea na kijani cha majani.

Mistari iliyokatika ina ugonjwa wake: kwenye karatasi inatoka mizima. Mara nyingi tatizo ni skeli ya mikato. Kwenye ukurasa wa Layout weka PSLTSCALE iwe 1 na LTSCALE iwe 1, kisha andika REGENALL, na mikato italingana katika madirisha yote hata kama skeli zake zinatofautiana.

10. Herufi zina unene wake pia

Kanuni ya herufi za kiufundi ni unene wa sehemu moja ya kumi ya kimo. Herufi ya milimita 2.5 hutakiwa 0.25, ya 3.5 hutakiwa 0.35. Ukiandika herufi ya 2.5 kwa 0.50, matumbo ya "a" na "e" yanajaa wino. 6 na 8 zinafanana, na nondo ya 16 inasomeka 18. Kwa karatasi ya A3 itakayotolewa kopi ya A4, anzia kimo cha 3.5, kwa sababu baada ya kupunguzwa kinabaki 2.5.

11. Dirisha la kuchapa: tazama vitu vinne

Jina la CTB yako liko pale? Kisanduku cha kuchapa kwa mitindo kimewekwa alama? Skeli ni 1:1 kwenye Layout, haijawekwa "Fit to paper"? Na kile cha "Scale lineweights" kiko wazi? Hiki cha mwisho kikiwekwa alama, unene unapanda na kushuka kulingana na skeli ya kuchapa, na mpango wako wote wa ngazi unayumba.

Ukishapata PDF, usiihukumu kwa kioo. Visomaji vya PDF vina mpangilio wa kukoleza mistari myembamba, kwa hiyo 0.13 na 0.25 huonekana sawa. Vuta karibu sana, au chapa. Na kwenye steshenari omba ichapwe kwa ukubwa halisi. Printa ikiachiwa "ijaze ukurasa" inakula asilimia kadhaa, na anayepima kwa rula hapati mita kamili.

12. Mafaili yatembee na mitindo yake

Faili la mchoro halibebi CTB ndani yake. Ukimpelekea mwenzako DWG peke yake, mashine yake itatafuta jina la CTB, italikosa, na mistari itatoka na rangi za kioo. Amri ya ETRANSMIT hufungasha mchoro, CTB, fonti na picha zilizounganishwa ndani ya kifurushi kimoja. Itumie kwa wataalamu wenzako.

Kwa wengine wote tuma PDF, na kwenye WhatsApp itume kama dokumenti. Usipige picha ya kioo, usitume kama picha. Picha hubanwa njiani, na cha kwanza kupotea ni mstari wa 0.18, ambao ndio uliobeba vipimo vyote.

13. Karatasi ya majaribio, kisha fundi

Tengeneza ukurasa mmoja wa A3. Chora mistari ya kila unene, mikato ya kila aina, herufi za vimo vitatu, kipande cha kontua zenye nafasi ya milimita 3.5 na kingine cha 0.7, mraba wa kijivu cha asilimia 25 na mwingine wa 50. Uchape pale unapochapia siku zote. Uliza kama printa iko kwenye hali ya kuokoa wino, maana hali hiyo hupausha kila kitu, omba izimwe. Kisha toa fotokopi ya ukurasa huo, na fotokopi ya fotokopi. Toka nayo nje, juani, uishike kwa urefu wa mkono. Kilichopotea, kiondoe kwenye mpango wako. Rudia jaribio kila unapobadilisha steshenari, kwa kuwa CTB iliyokaa sawa kwenye printa moja huweza kutoka nzito kwenye nyingine.

Halafu mpe fundi kopi ya A4 ya mchoro wenyewe, kabla hujaondoka mjini kama anapatikana huko, au siku ya kwanza ya kupima kiwanja. Usimuulize kama inaonekana. Kwa heshima yake atakujibu ndiyo. Mwambie, "Fundi, nionyeshe ukuta wa kuzuia udongo unaanzia wapi na unaishia wapi." Kisha, "Nionyeshe msingi unaposhuka ngazi ya pili." Nyamaza, utazame kidole chake. Kikitua kwenye mstari wa kipimo au kwenye kontua, usimweleze kwa mdomo, kwa sababu kesho hutakuwepo. Fungua CTB, pandisha kuta ngazi moja, shusha vipimo ngazi moja, uchape upya.